Dobi wa Kasri

Miaka kumi na tisa alifua nguo za kasri, na kwa kuwa kazi yake hasa ilikuwa kutia wanga kola na mashuka, jina likawa Wanga. Mpishi kila akipita mlangoni mwa chumba cha kufulia alisema, "Huyu ni wanga wa mchana. Wale wa usiku mnawajua wenyewe." Wajakazi walicheka. Yeye aliinamia beseni lake.

Mwaka huo wa kumi na tisa mabomba ya mjini yalikauka, ya kasri yakaendelea kutiririka. Askari wa mfalme walimvunja kaka yake mkono kwenye foleni ya maji. Alipokwenda kumjulia hali, wifi yake alimzuia mlangoni.

"Unanukia sabuni," wifi alisema. "Sisi hapa leo siku ya nne hatujaoga."

"Nimekuja kumwona ndugu yangu."

"Ndugu zako ni hao unaowafulia mashuka."

Akarudi machozi yanamlenga. Getini walimpekua hadi kwenye nywele, maana msimamizi wa wajakazi alikwisha kuwajaza maneno askari kwamba dobi anapeleka siri mjini.

Alhamisi asubuhi, makelele ya watu yalisikika nje ya ukuta. Msimamizi, mwanamke mkavu asiyejua kusema tafadhali, aliingia na rundo la magauni.

"Piga pasi upesi. Yanaingia masandukuni."

"Bado mabichi, bibi."

"Nimekuuliza?"

Hapo Wanga akaelewa kwamba wakubwa wanakimbia. "Na sisi?"

"Nyinyi mtabaki kutunza nyumba. Mimi naondoka na malkia."

Wanga aliitua pasi ya mkaa juu ya gauni la hariri, akaliacha liungue, akatoka. Getini hapakuwa na askari hata wa dawa. Umati ulikuwa umeshajaa uani, na mbele kabisa alisimama wifi yake, mchi mkononi.

"Wamepitia wapi?"

Angeweza kunyamaza. Lakini nyongo ilikuwa imemjaa hadi kooni. "Njia iliyobaki ni moja tu: mlango wa kuni, nyuma ya jiko."

Wakakimbilia huko. Magari yalikwisha kuondoka. Walimkuta msimamizi peke yake, amekalia sanduku. Wakubwa walikuwa wamemwacha. Wakamburuta hadi mbele ya Wanga, kilemba kimemvuka kichwani.

"Waambie mimi ni mtumishi tu, kama wewe," alisema kwa sauti ndogo.

Wanga aligeuza uso pembeni, umati ukaondoka na msimamizi. Aliona raha, kisha akaionea haya raha ile ile.

Siku hiyo wifi alimtandikia mkeka sebuleni. "Ni kwa sababu ya mume wangu, si kwa sababu yako." Waliishi miezi miwili wakipishana bila salamu, mpaka Wanga akapata chumba chake. Majirani walimletea nguo za kufua, wakimkabidhi kwa ncha za vidole. Habari za msimamizi hakuuliza, wala hakuna aliyemletea.