Wageni Waliokuja Kumpima Bindiya

Mama mkwe wangu, Dulari, anapenda kuozesha watu kuliko anavyopenda kula. Nusu ya ndoa za kijiji chetu kazipanga yeye, na zile zilizovunjika anasema hazikupitia kwake. Mimi nilishamzoea. Lakini alipomgeukia binti yangu Bindiya, wa miaka kumi na mitano, damu ilinichemka. Bindiya alitaka kwenda chuo cha ufundi akasomee umeme. Bibi yake akasema umeme atausomea kwa mumewe.

Jumapili moja wakatokea mlangoni kijana mmoja na mwanamke wa makamo, wamebeba mikoba. Wakauliza tuko wangapi, choo kipo, pikipiki ipo, binti ana umri gani. Dulari akanivuta hadi jikoni.

"Upande wa bwana harusi hao. Wamekuja bila taarifa ili watukute tumekaa ovyo. Mama Bindiya, kaanga pakora haraka."

Bindiya alisikia yote. Akajitanda mtandio, akapeleka chai, macho kayatoa kama mtu aliyeamshwa sasa hivi. Yule kijana akampa karatasi yenye hadithi fupi, asome. Binti yangu, ambaye mtaa mzima humletea dawa zao awasomee maelezo, akaigeuza juu chini, akaitazama weee.

"Hii ni picha ya nini?" akauliza.

Wakampa maneno, akashindwa. Wakampa herufi, akakosea zote. Walipomuuliza arobaini na sita ukitoa ishirini na tisa, akajibu, "Inategemea."

Nilijua anachofanya. Nani anataka kuoa zuzu? Nikauma mtandio wangu nisicheke. Dulari jasho lilikuwa linamtoka.

"Ana haya tu huyu," akasema. "Kula pakora, mwanangu. Na bwana harusi mwenyewe mbona hamkuja naye?"

"Bwana harusi gani, bibi?"

Ndipo yule mwanamke akaeleza. Wanapita nyumba kwa nyumba kupima kama watoto wa vijijini wanajua kusoma na kuhesabu. Huyu wameshamwandika kwamba hajui hata herufi.

Dulari akaweka kikombe chini. Yeye mwenyewe hajui kusoma, na ndiye aliyemkokota Bindiya kwenye matope siku ya kwanza ya shule. Akampokonya kijana ile karatasi, akamtupia mjukuu wake.

"Soma."

Bindiya akasoma hadithi yote bila kupumua, akamalizia, "Na lile jibu ni kumi na saba."

"Mmesikia. Haya, futeni."

"Mtoto hupimwa mara moja tu, bibi. Labda mwaka kesho."

Dulari alinuna mchana kutwa. Jioni akaja mshenga wa kweli, na boksi la vitamutamu mkononi.

"Rudi navyo," Dulari akamwambia. "Mjukuu wangu kaandikwa mjinga. Haendi kwa mume na jina hilo. Wale watu watarudi, watamkuta anasoma, watamwandika upya, ndipo tuzungumze."

Mpaka leo hawajarudi. Niliulizia, nikaambiwa kila mwaka huchagua vijiji vingine, na Bindiya umri wa kupimwa umeshampita. Sikumwambia mtu. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni, na kila Jumapili bibi yake hukaa mlangoni akiangalia barabara. Mungu awape wale watu vijiji vingi vya kuzunguka.