Nyuzi Kumi, Suruali Moja

Chekeni tu, maana nimeshachoka kuficha: ndiyo, ni mimi yule aliyepokea zawadi ya dume wa ng'ombe akiwa amevaa kanga ya mke wake, na kama mlisikia pale stendi ya Nyakanazi kwamba nilikuwa nimelewa, huo ni uongo mtupu, sikuwa nimeonja kitu, nilikuwa na nyuzi nyingi mno.

Mimi ni fundi pikipiki, lakini watu wananijua kwa gitaa la kulaza mapajani, lile ambalo hubonyezi nyuzi kwa vidole bali unaburuza juu yake kipande cha chuma (changu ni pini ya pistoni) mpaka linalia. Lile la zamani lilikuwa na nyuzi sita na likaharibika kwa mvua, basi nikachomoa ubao wa mninga kwenye kitanda chetu nichonge jipya, na hapo ndipo nilipojitafutia balaa, kwa sababu nilisikia kikundi cha Kanazi, kule Ngara, ambacho tungeshindana nacho kugombea dume wa ng'ombe kwenye sherehe ya mavuno ya mzee mmoja Msukuma pale Biharamulo, kina gitaa la nyuzi nane.

"Nane?" nikasema. "Mimi naweka kumi."

"Baba Neema, sita zilikutosha," mke wangu Kabula akaniambia. "Na usipoleta huyo dume tukamuuza tukanunua kitanda, utalala na gitaa lako."

Nyuzi nilizipata kwa kufumua waya za breki, na nilipozikaza zote kumi ubao ukaanza kupinda, nikauimarisha kwa bolti ndefu, ncha yake ikabaki imechomoza chini, upande wa mapaja. Nikajiambia, nani ataiona?

Sasa, mashindano haya ya Wasukuma hayana majaji. Vikundi viwili vinapiga kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watu wanakwenda wanakopenda. Filimbi ya mwisho ikilia, mwenye umati ndiye mwenye dume. Tukaanza. Weee! Zile nyuzi zilivyobanana, chuma changu kikawa kinagusa hata nisizozitaka, zikatoka kelele za mbuzi waliofungiwa, na watu wakaanza kuondoka taratibu, kwa adabu kabisa (kana kwamba wanakwenda kujisaidia), mpaka upande wetu wakabaki Kabula na bibi mmoja aliyekuwa amesinzia.

Nikakaza zaidi. Kwaa! Kichwa cha gitaa kikapasuka, nyuzi sita zikaruka na kipande chake, nami kwa kushtuka nikasimama wima, kumbe ile bolti ilikuwa imenasa suruali yangu tangu nilipokaa, gitaa likaanguka na suruali ikachanika kuanzia kiunoni hadi gotini. Ndani nilikuwa na bukta ya kijani yenye dirisha nyuma.

"Jamani, njooni muone huku!" mtu akapiga kelele, na uwanja mzima ukahamia kwetu mbio. Nikakaa haraka, nikajifunika na gitaa, aibu imenijaa mpaka masikio yanawaka.

"Piga!" akanong'ona Fideli, mpiga ngoma wetu. "Piga hivyo hivyo, si wamekuja?"

Zilibaki nyuzi nne. Nikaziweka sawa, nikaburuza chuma, na ndugu zangu, gitaa likalia! Kila uzi una nafasi yake, kila sauti inatoka safi, mpaka waliokuja kucheka wakaanza kucheza, bibi akaamka, hata mpiga gitaa wa Kanazi nikamwona katikati ya umati wetu anatikisa kichwa. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Filimbi ikalia.

"Simama upokee dume wako," mwenye sherehe akaniambia.

"Shikamoo mzee. Naomba nipokee nikiwa nimekaa."

"Marahaba. Dume wangu hapokelewi na mtu aliyekaa."

Kabula akaja mbele ya watu wote, akafungua kanga yake ya juu, akanizungushia kiunoni na kuifunga fundo kwa nguvu, na mimi nikasimama nikashika kamba ya dume huku uwanja unapiga vigelegele.

Kitanda tunacho, tena kipana. Nimeapa uzi wa tano hautakanyaga gitaa langu maisha yangu yote. Shida imebaki moja: kila wanaponialika, iwe Ngara iwe Biharamulo, lazima waongeze, "Na ile kanga uje nayo." Kabula amekataa kuniazima. Nimenunua yangu.