Pikipiki ya Baba Sebuleni Kinoo

Mume wangu Lenox si fundi wa pikipiki, na naomba hilo lieleweke mapema. Kazi yake ni kuchapa kadi za harusi na programu za mazishi katika duka moja la ghorofani pale River Road, na mashine ya huko ikikwama yeye ndiye huifungua. Hapo ndipo kiburi kilipoanzia. Mtu akishafungua mashine moja ikakubali kufanya kazi tena, huona hakuna chuma duniani kitakachomshinda.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yangu, Yamaha ya miaka ya sabini, tangi lake jekundu limefifia likawa rangi ya matofali. Baba alikuwa akitibu mifugo huko kwetu Bungoma, na mlio wa pikipiki hiyo tuliujua kuliko kengele ya shule. Ikisikika tu kule chini darajani, Mama alibandika chai. Baba alipofika mlangoni chai ilikuwa imechemka. Hawakuwahi kupangana, ndivyo walivyoishi tu.

Baba alipofariki, pikipiki ilinyamaza ghalani, kuku wakawa wanatagia kwenye kiti. Baba mdogo Tobias akaanza kuitazama kwa jicho la mizani. Alisema chuma kinachooza hakimsaidii mtu, afadhali kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Lenox akasema, "Nipeni mimi niijaribu," ikaja Nairobi juu ya lori la mahindi. Baadaye Mama naye akaja mjini kutibiwa jicho, na kabla hajaketi vizuri akatoa neno lake: "Nikiisikia kabla sijarudi, itarudi nyumbani. Nisipoisikia, Tobias auze, na mimi sitalia." Alisema hatalia. Mimi namjua mama yangu.

Sasa nieleze mambo ya kwetu kidogo. Kwetu Babukusu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana hadi inauma. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na mama halali katika nyumba ya mkwe. Kwa hiyo Mama alifikia kwa mdogo wangu Ivyne, ambaye kwa bahati amepanga jengo hilohilo letu hapa Kinoo, juu yetu tu. Akikutana na Lenox kwenye ngazi, Mama hujifunika leso na kugeukia ukuta. Lenox naye huinamisha kichwa na kuzisalimia ngazi.

Basi Lenox akaitoa injini kwenye pikipiki akaileta sebuleni. Meza yangu ya kioo ilihamia chumbani. Alitandaza mabango yaliyoharibika kazini, na kila alichofungua alikiweka juu ya kadi ya harusi iliyochapwa vibaya, nyuma yake ameandika kinakaa wapi. Nikawa naamka naruka kabureta, naenda jikoni napita kando ya silinda, na pistoni imelala kwenye mwaliko wa watu nisiowajua. Nyumba ilinuka petroli hadi chapati zangu zikaanza kuwa na ladha yake. Nilinuna, sikatai. Lakini siku nilipomkuta akiisugua ile pistoni kwa mswaki, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto, hasira iliniisha. Ilikuwa mali ya baba yangu, na alikuwa anaishika hivyo.

Alinunua ringi mpya, akabadilisha gasketi. Kando ya injini kuna gurudumu zito linaloamua cheche itoke wakati gani, na hapo katikati yake alikuta kachuma ka umbo la nusu mwezi, kanakolishikilia lisiteleze. Mafundi wanakaita kii. Kalikuwa kamelika, akanunua kapya. Ubavuni mwa kii kulikuwa na kibati chembamba kilichokwama kwa kutu. Kibati hicho hakikuwa kwenye picha yoyote aliyoitazama katika simu, akakiona ni uchafu, akakitupa, na takataka zikachukuliwa.

Aliporudisha kila kitu mahali pake, akaisimamisha pikipiki uani na kupiga kiki. Injini ilikohoa mara moja, ikamrudishia teke hadi akaketi chini.

"Imekataa," akasema akijishika ugoko.

"Imekataa ama hujui?"

"Everlyn, tafadhali. Kila kitu iko mahali yake."

Ikawa ndiyo ibada yetu. Kila jioni akitoka kazini anapiga kiki, inakohoa, inampiga teke, anachechemea kuja kula. Mwenye nyumba, Mzee Kiarie, alipita akatukumbusha kwa upole kwamba ua si gereji. Tobias akanipigia simu kuniambia mnunuzi amepatikana, na sauti yake ilikuwa ya furaha mno. Nilianza kuogopa. Sikuwa nimejua kwamba naitaka hiyo pikipiki hadi nilipoiona inaondoka.

Jumamosi nilitoka Kenyatta Market, ninakosukia watu nywele, nikampandishia Mama dawa yake ya jicho. Alikuwa amekwisha kufunga mkoba wake, keshoye baada ya kanisa asafiri. Alikuwa akikoroga chai kwa kijiko chake mwenyewe. Mama hasafiri bila kijiko chake.

"Bado inampiga teke?" akauliza.

"Umejuaje?"

"Si nasikia. Inakohoa, inapiga chuma, halafu bwana yako anasema neno siwezi rudia."

"Ameweka kii mpya, Mayi, na bado."

Mama akaacha kukoroga. "Na kijiko yangu, ameweka?"

"Kijiko gani?"

Ndipo mambo yakatoka. Miaka mingi iliyopita, nafasi ya ile kii ilipopanuka na gurudumu likaanza kucheza, Baba alichukua kijiko kimoja cha harusi yao, akakata mpini wake, akaugonga hadi ukawa bapa, akauchomeka kando ya kii. Gurudumu likakaza. Mama alimnunia hadi mavuno.

"Na umekaa hapa siku zote hizi unasikiza tu?"

"Sasa nipigie mkwe kelele kwa dirisha, nimfundishe kazi?"

Nikashuka mbio. "Lenox, ile kibati ulitupa ilikuwa kijiko ya Mama! Kwa nini hukumuuliza?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Mimi nianze kuuliza masazala, mama mkwe wangu mzima, maswali ya mzee wake? Niko sawa kweli?"

Nilikasirika, na ninasema wazi. Kuuliza si ujinga, lakini hawa wawili walikuwa radhi pikipiki ya baba yangu ipimwe kilo mradi adabu isichubuke. Nikawa mdomo wa huyu na sikio la yule, napanda, nashuka. Kibati kiwe na upana gani? Mama akaonyesha ukucha wa kidole cha mwisho. Lenox akajaribu bati la kopo, likapondeka. Nilipompelekea Mama habari hiyo, alikitoa kijiko kwenye kikombe, akakipangusa kwa leso, akanipa.

"Mwambie akate. Hii ni ndugu ya ile."

Lenox alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kukishika. Alikata, akagonga, akapiga msasa, akachomeka, akafunga. Kisha akasimama kando ya pikipiki, akaikanyaga kiki.

Ilikohoa. Akapiga tena, ikashika.

Moshi wa buluu ulifunika nguo za Mzee Kiarie kambani, na mlio ule nilioujua tangu nikiwa mtoto ukajaa uani. Nililia papo hapo. Kisha nikapanda ngazi kumleta Mama dirishani asikie.

Hakuwa dirishani. Alikuwa jikoni kwa Ivyne, bandeji jichoni, sufuria ya chai tayari iko motoni.

"Mkono imeenda yenyewe," akasema, bila kunitazama.

Tulisimama tukaisikiliza hadi chai ikapanda. Akamimina kikombe kimoja, akatia sukari kwa kumwaga, akanikabidhi.

"Pelekea mwenye pikipiki. Na Tobias akipiga simu, mwambie huyo mtu wake aende."

Nikatafuta kijiko cha kukorogea, nikamuuliza kiko wapi.

"Akunywe tu hivyo," akasema Mama. "Kijiko iko kazi."