Pedali ya Kushoto Mfukoni

Saa tano na dakika kumi, asubuhi ya siku ya kukabidhi baiskeli ishirini kwa Manispaa, Bi Spoku alitia mkono katika mfuko wa aproni yake akitafuta kitambaa cha kujifutia jasho, akatoa pedali.

Aliigeuza taratibu. Katika ncha ya mhimili wake palikuwa na herufi iliyogongwa kiwandani, ile inayomjulisha fundi kwamba pedali hiyo ni ya mguu wa kushoto. Jana alasiri alikuwa ametia mfukoni pedali mbili, ya kulia na ya kushoto, kwa ajili ya baiskeli ya mwisho. Baiskeli hiyo aliimaliza, na pande zake zote mbili zilikuwa na pedali. Hilo aliliona kwa macho yake. Kwa hiyo, kama ya kushoto ingali mfukoni, upande wa kushoto umefungwa nini?

Mtu asiyeijua kazi hii angesema pedali ni pedali. Sivyo. Ya kulia hufungwa kwa kuzungushwa uelekeo wa mishale ya saa, na ya kushoto hufungwa kinyume chake, ili mguu wa mwendeshaji usiifungue njiani. Ya kulia ikilazimishwa kushoto hutafuna meno ya tundu, hushika kwa muda, na kwa anayeitazama huonekana imara kabisa. Siku mwendeshaji atakapopanda kilima, akasimama juu yake kwa uzito wake wote, hung'oka.

Sasa alikumbuka. Alikuwa amekwisha kufunga ya kulia, baiskeli ikiwa imening'inizwa, alipoitwa mlangoni kupokea lori. Aliporudi alikuta fundi wa rangi ameishusha na kuipindua sakafuni, kwa kuwa alikihitaji kining'inizio. Baiskeli ikiwa miguu juu, kulia huwa kushoto. Bi Spoku alikuwa amechoka. Mbele yake aliuona mkono mtupu wa pedali, kile chuma kinachoishika, akadhani ndio wa kulia, na bila kupapasa mfukoni akachota pedali ya kulia kutoka kasha la akiba. Ilikaidi. Akasema moyoni kuwa ni kutu, akavika bomba refu kwenye spana, akaegemea.

Kosa kama hilo lingekamatwa siku yoyote nyingine, maana karakana ile ilikuwa na sheria moja iliyoshinda zote: aliyeifunga baiskeli haikagui. Lazima uje mkono wa pili, yaani fundi mwingine, uanze na gurudumu la mbele na kuishia na la nyuma, nati kwa nati, na ukisharidhika ufunge kitambaa chake chini ya kiti. Kila fundi alikuwa na rangi yake. Sheria hiyo iliwekwa na kaka yake Bi Spoku, mwanzilishi wa ushirika, baada ya mwalimu mmoja kung'oka meno mawili katika mwaka wao wa kwanza, gurudumu la mbele lilipomwacha likaendelea na safari peke yake. Kaka mtu sasa ni marehemu, lakini sheria yake ilikuwa ikifuatwa kama dawa ya daktari.

Jana jioni haikufuatwa. Mafundi wengine walikuwa wakipaka rangi, taa za uani zilikuwa mbovu, na baiskeli moja tu ndiyo iliyokuwa imebaki. Bi Spoku aliifunga, Bi Spoku akaikagua, Bi Spoku akaifunga kitambaa cha buluu.

Jina hilo la Bi Spoku alipewa nusu kwa kazi yake ya kunyoosha magurudumu kwa kukaza na kulegeza spoku, zile nyaya zake, na nusu kwa wembamba wake. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Ishirini na mitatu kati ya hiyo aliitumia katika kiwanda cha mashati akitoboa matundu ya vifungo, na kiwanda kilipofungwa alibaki na macho makali, vidole vyepesi, na hakuna mahali palipovihitaji. Kaka yake alimketisha mbele ya gurudumu lililopinda kama kaukau ya kiazi na kumwambia, "Hili ni shati, dada yangu. Vuta hapa, legeza pale, mpaka likae." Likakaa. Tangu siku hiyo hajawahi kurudishiwa gurudumu.

Na jengo lenyewe? Zamani lilikuwa ghala la mabomba ya maji la Manispaa. Ushirika ulipewa bila kodi, pamoja na umeme, na kila wiki baiskeli zilizotelekezwa mitaani zililetwa kwa lori. Kwa upande wao, mafundi walifungua milango siku mbili kwa wiki ili mkazi yeyote aje aazimwe spana na kufundishwa kutengeneza baiskeli yake mwenyewe, na kila baada ya miaka mitano walitoa baiskeli ishirini kwa wasoma mita wa maji. Mkataba ulisema wazi: zikikabidhiwa ishirini, zote salama, kabla ya saa sita mchana wa siku iliyotajwa, jengo linabaki kwao miaka mitano mingine bila mjadala. Ikipungua hata moja, shauri linarudi kwenye kamati ya Manispaa. Na kule kwenye kamati kulikuwa na ombi la mtu aliyetaka kulibomoa ghala apate pa kuegesha magari.

Bi Spoku alirudisha pedali mfukoni, akatoka uani.

Baiskeli ishirini zilikuwa zimepangwa safu mbili, zote za kijani kibichi, zote zikinuka rangi mbichi. Nambari zilibandikwa asubuhi, hivyo hazikumsaidia. Alitazama vitambaa vya chini ya viti: vya buluu vilikuwa tisa. Nane kati ya hivyo alivifunga kihalali. Aliinama kwenye ya kwanza kutafuta herufi ya pedali ya kushoto, akakuta rangi ya kijani imeifunika. Akaanza kukwangua kwa ukucha.

Nyuma yake, Bwana Mkaguzi wa Manispaa, mtu mkimya mwenye faili la buluu kwapani, alikuwa akiwagawia zamu wasoma mita waliokuja kujaribu baiskeli. Mzunguko ulikuwa kushuka hadi kwenye kituo cha mafuta na kupanda tena, watano kwa watano.

"Mimi nipeni yenye mbavu nene," alisema msoma mita mmoja, jibaba la mtu. "Ya mwaka ule nilipoikalia ilianza kulia kabla sijaigusa pedali."

"Ililia kwa huruma, kaka," akajibu mchomeleaji wa ushirika. "Ilikuwa inakuonea huruma wewe na hicho kilima."

Watu wakacheka. Bi Spoku alikuwa kwenye ya nne. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umepasuka.

"Mama," Bwana Mkaguzi akauliza, "umepoteza kitu?"

Kabla hajajibu, wifi yake aliingia kati. Huyu ndiye mjane wa kaka yake, katibu wa ushirika, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha foleni. "Anapangusa tu rangi iliyochuruzika, Bwana Mkaguzi. Wifi yangu huyu hata sahani huiosha mara tatu." Kisha akainama kando yake, tabasamu lingali usoni, akanong'ona, "Una nini wewe?"

Bi Spoku akamwonyesha pedali kiganjani.

Wifi alikuwa amekaa na mafundi miaka kumi na minne, hakuhitaji maelezo. Tabasamu lilikauka. "Ipi?"

"Sijui. Mojawapo ya hizi tano zilizobaki."

"Nani alikuwa mkono wa pili?"

Bi Spoku akakishika kitambaa cha buluu chini ya kiti, chake mwenyewe.

"Wifi," mwenzake akasema polepole, "nisikilize. Inaweza kushika leo. Umesema mwenyewe mara ngapi, hushika kwa muda. Wakishaondoka, kesho tunaifuata kimyakimya, tunabadilisha, na kamati haina habari. Ukifungua mdomo sasa tunalala bila paa. Unataka nikawaambie nini wale wote waliojiandikisha kujifunza?"

"Na akisimama juu yake pale kilimani, mbele ya malori?"

"Nimesema inaweza kushika."

"Nimekusikia."

Watano wa kwanza walikuwa wameanza kuchagua. Jibaba alishika usukani wa nambari kumi na nne. Chini ya kiti kitambaa cha buluu kilipepea. Karibu naye msichana mwembamba, msoma mita mgeni kazini, alikuwa akikiteremsha kiti cha nambari tisa, nacho kina buluu. Bwana Mkaguzi akatazama saa yake, akainua mkono kuwaruhusu.

Bi Spoku alitembea hatua sita na kuushika usukani wa jibaba kwa mikono miwili.

"Shuka, kaka. Tafadhali. Shukeni nyote."

"Dada, hata bado sijakaa vizuri," akasema jibaba. "Umeshaona itavunjika?"

Bi Spoku alimgeukia Bwana Mkaguzi. Aliongea kwa sauti ndogo, na watu uani wakasogea ili wamsikie. "Baiskeli moja hapa si salama. Pedali yake ya kushoto nimeifunga ya kulia. Sijui ni ipi, ila ina kitambaa changu, cha buluu. Nimekwisha kuangalia nne."

"Mlinieleza kwamba kila baiskeli hukaguliwa na mtu mwingine," akasema Mkaguzi. Alikuwa hajafungua faili. "Hii ilikaguliwa na nani?"

"Na mimi."

"Na aliyeifunga?"

"Mimi."

Mchomeleaji alitazama ardhi. Wifi alifumba macho.

"Saa tano na dakika thelathini na tatu," akasema Mkaguzi, si kwa ukali wala kwa huruma. "Mkataba unasema kabla ya saa sita. Itafuteni."

Ya jibaba ilikuwa salama. Alikibusu kiti kwa mzaha, na hakuna aliyecheka. Ya msichana nayo salama. Ilikuwa nambari kumi na tisa, iliyoegemea ukuta mwishoni kabisa mwa safu. Mchomeleaji alipoifungua pedali ilitoka kwa mizunguko miwili tu, na vipande vya chuma vilivyonyolewa vikaanguka juu ya kiatu chake kama unga. Alimtazama msichana mwembamba, kisha kilima.

Tundu lilikuwa limeharibika. Ilibidi kubadilisha mkono mzima wa pedali. Walipekua rundo la vyuma chakavu wakapata mitatu: miwili mifupi, wa tatu umepinda.

"Chukueni wa kwangu," akasema Wifi. Baiskeli yake ilikuwa mlangoni. Bi Spoku alipiga magoti mbele yake, akaigonga kabari ya chuma inayoushika mkono mpaka ikatoka, akauchomoa, akauhamishia kwenye nambari kumi na tisa. Safari hii aliinyanyua baiskeli na kuining'iniza. Aliitia pedali ya kushoto kwa vidole vitupu, ikazunguka kinyume cha saa kwa ulaini, mpaka mwisho, ndipo akachukua spana. Alipomaliza ilikuwa saa sita kasoro dakika sita. Alirudi nyuma hatua moja, akainua mikono kama mtu aliyezuiwa kugusa.

"Mkono wa pili," akasema.

Mafundi walitazamana. Akatoka Wifi. Alivua bangili zake, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akaanza kushika nati.

"Shemeji," mchomeleaji akasema, "pedali ndiyo iliyokuwa na ugonjwa. Iangalie pedali, funga kitambaa. Mengine tutayaona jioni."

Wifi alikuwa akivuta breki ya mbele, akiisikiliza.

"Shemeji, dakika nne."

"Nikifunga sasa," akasema bila kugeuka, "nitakuwa nimefunga kama alivyofunga yeye jana. Niache nifanye kazi."

Alikwenda kwenye usukani. Akaenda kwenye kiti. Aliushika mkono wa pedali aliokuwa akiukanyaga yeye mwenyewe kila asubuhi, akautikisa kana kwamba haujui. Mnyororo aliuzungusha mara tatu. Fundi wa rangi alikuwa ameshika kichwa. Bwana Mkaguzi alisimama akitazama saa yake, na mara moja tu, Wifi alipofika kwenye gurudumu la nyuma na kukuta nati moja inahitaji robo mzunguko, alimtazama mwanamke yule badala ya saa. Bi Spoku hakutazama saa hata kidogo. Alitazama vidole vya wifi yake, na midomo yake ilikuwa ikitaja kila nati kabla haijafikiwa.

Kitambaa chekundu kilifungwa.

"Saa sita na dakika nne," akasema Bwana Mkaguzi.

"Hatukuombi uzipunguze," Wifi akamjibu, akivaa bangili.

"Sina uwezo wa kuzipunguza." Alifungua faili na kuandika kwa muda mrefu, akasimama, akauliza kitambaa chekundu ni cha nani, akaandika tena. Kisha akawaruhusu wasoma mita. Msichana mwembamba aliichukua nambari kumi na tisa. Bi Spoku alisimama getini mpaka alipomwona akikipanda kilima amesimama juu ya pedali, mpaka alipoingia uani na kushuka.

Siku tisa zilizofuata hakuna aliyelala vizuri. Mafundi walikaa na kukubaliana kwamba Bi Spoku asiwe mkono wa pili kwa miezi sita. Yeye mwenyewe ndiye aliyelileta pendekezo hilo, na akalipigia kura. Mtu wa magari alionekana mara mbili akipima ukuta wa nje kwa hatua.

Barua ilifika siku ya kumi. Wifi aliisoma kwa sauti, amesimama kati ya mabenchi. Kamati ilikuwa imepokea taarifa ya mkaguzi kuhusu kasoro iliyotajwa na fundi mwenyewe na kuhusu dakika nne. Kamati haikuweza kutoa miaka mitano. Imetoa mmoja, na baiskeli nyingine ishirini zikaguliwe mwisho wake.

Hakuna aliyeshangilia. Mchomeleaji alipumua kama tairi. Bi Spoku aliiomba barua, akaisoma mwenyewe mara mbili, kidole chini ya mistari.

"Hawakusema mwaka unaanza lini," akasema.

"Tazama tarehe, wifi," mwenzake akamjibu, akivuta kining'inizio. "Umeshaanza tangu juzi."