Tokie Akimsomea Mama Mkwe

Kabla kisukari hakijamla macho, Kinu Tokura hakupitwa na riwaya hata moja ya yule mwandishi wa visa vya mauaji ambaye watu walimsoma kwenye treni mpaka wakapitiliza vituo vyao. Kikitoka kitabu kipya, alivaa kimono cha kutokea, akateremka mwenyewe hadi dukani, akarudi nacho kifuani. Siku hiyo hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Macho yalipozima, akawa anashinda kwenye chumba cha upande wa bustani, mikono mapajani, redio ikisema peke yake. Mwanawe Yoshiharu alikuwa baharini na meli ya uvuvi majuma kwa majuma. Nyumbani walibaki yeye na Tokie, mke wa Yoshiharu. Tangu siku ya harusi wanawake hawa wawili walikuwa wameishi kwa adabu tupu. Hawakugombana. Tokie alipika, Kinu akaonja, akasema, "Chumvi imezidi," basi.

Majira ya baridi yale kitabu kipya kikatoka. Tokie alikiona kwenye duka la vitabu akiwa njiani kwenda kununua tofu, ile jibini ya soya. Hata yeye hakujua kilichomtuma. Alikinunua, akaja kupiga magoti mbele ya mkwewe.

"Mama, nimeleta kitabu. Nikusomee?"

Kinu aliizima redio. "Haya, soma."

Hazikupita kurasa nyingi.

"Hebu polepole. Maiti ndiyo kwanza imepatikana, we unasoma kama unataja bei ya dagaa."

"Samahani, Mama."

"Usiniombe samahani. Nitie hofu."

Tokie akajifunza kushusha sauti mlango unapofunguliwa, na kunyamaza kidogo kabla ya jina kutajwa. Kila alasiri walikaa miguu ndani ya blanketi lililofunika meza fupi yenye jiko la moto chini yake, wakimenya machungwa madogo. Kisa chenyewe kilikuwa cha bibi tajiri aliyelishwa sumu kidogokidogo nyumbani kwake mpaka akafa. Waliotiliwa shaka ni daktari wake, mdogo wake, na mke wa mwanawe, mwanamke mpole aliyekuwa akimpelekea uji.

"Ni daktari," Kinu alisema. "Mtu anayenawa mikono kiasi kile ana lake jambo."

Tokie akacheka. Hakuwa amewahi kucheka mbele ya mama mkwe.

Kisha figo za Kinu zikaanza kugoma. Daktari wa mtaa alipotoka kumwona, alimtazama Tokie mlangoni, akatikisa kichwa. Tokie akaogopa kwamba mgonjwa angeondoka kabla ya kitabu kwisha. Kinu alipolala, Tokie alisimama jikoni akafungua sura ya mwisho.

Muuaji alikuwa mke wa mwana. Alikuwa amechoka kutazamwa kama chombo cha nyumba. Maneno yake mengine Tokie aliyatambua; aliwahi kuyawaza mwenyewe, pale pale jikoni, mwiko mkononi. Akaona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo.

Akaanza visingizio. Leo koo, kesho nguo za kufua. Visingizio vilipomwishia, alikaa akafungua kitabu na kuanza kujitungia maneno ya kumsingizia daktari wa kitabuni. Kinu akainua mkono.

"Hayo hayakuandikwa."

"Yameandikwa, Mama."

"Mtu huyu nimemsoma tangu nywele zangu nyeusi. Najua hata anavyopumua. Ni mke wa mwanawe, au siyo?"

Tokie aliweka kitabu mapajani.

"Nilimjua tangu aliposifiwa upole."

"Sasa mbona ulisema daktari?"

"Ningesemaje? Na wewe ndiye unayenilisha."

Theluji iliporomoka kutoka paani, ikaanguka bustanini.

"Nisomee anavyokiri," Kinu alisema. "Nataka kumsikia."

Tokie akasoma. Kinu alisikiliza ameinamisha kichwa mpaka neno la mwisho.

"Hasira alikuwa na haki nayo," alisema. "Lakini kuua, hapana. Angesema."

"Angemwambia nani, Mama?"

Kinu alisogea karibu. Mkono wake ukapapasa juu ya blanketi mpaka ukaupata wa Tokie.

"Ulichoka sana, mwanangu?"

"Nilichoka, Mama."

"Najua. Siku zile macho yangali mazima, nilikuwa nakuona."

Kinu alifariki baridi ikielekea kwisha, miti ya plamu ikiwa bado na maua. Walipokuwa wakimwekea vitu vyake jenezani, Fumiyo, dada yake Yoshiharu, alikichukua kile kitabu amlaze nacho.

"Chagua kingine chochote, wifi," Tokie alisema. "Hicho hapana."

Watu wakageuka. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumsikia akikataa jambo.

"Lakini Mama alikipenda."

"Alikipenda. Tulikisoma wawili."

Yoshiharu, aliyerudi kutoka baharini kwa mazishi, alimtazama mkewe, kisha akaenda kabatini, akatoa kitabu kingine, akampa dada yake. Tokie akakipokea chake kwa mikono miwili, akakaa nacho chini kando ya jeneza.