Verla Stuckey na Futi Elfu Moja

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Kaunti ya Harlow, kwa mamlaka yote iliyokabidhiwa na wananchi wake, inasonga mbele kutekeleza sheria. Inasonga kwa gurudumu moja la plastiki lenye mpini mrefu, na kila futi moja linalia tik, kama kuku anayedonoa bati.

Nyuma ya mpini yuko Verla Stuckey, miaka sitini na mmoja, karani wa daftari la watu waliofungwa kwa makosa ya ngono. Sheria inasema mtu wa daftari asiishi ndani ya futi elfu moja kutoka mahali wanapochezea watoto. Kwa miaka kumi na tisa, Verla ndiye anayezitembea futi hizo.

Hutembea mstari ulionyooka. Leo amekatiza tuta la nyanya, akapita chini ya kamba ya nguo, akaitikia salamu zote bila kupoteza hesabu wala kutazama namba. Mwandishi wa makala haya angekipata kipaji hicho, angekipeleka moja kwa moja kwenye mtihani wa hisabati.

"Verla, mbwa gani huyo unamtembeza?" anapaza sauti jirani mmoja, kikombe cha kahawa mkononi.

"Wa pekee mtaani asiyenya kwenye majani yako, Hank."

Kipimo kimeanzia kwenye kiwanja kitupu cha Mtaa wa Birch. Wiki mbili zilizopita bembea ilichomoza pale, pamoja na kibao cha kijani: BUSTANI YA WATOTO, KARIBUNI WOTE. Nani kaiweka, hajulikani. Mwanasheria wa kaunti alisema bembea ni bembea, na ilipo ni mahali pa watoto.

Kinaishia kwenye mlango wa Orrin Tabor, miaka hamsini na mitatu, fundi wa mashine za kukata nyasi. Ameketi kwenye ngazi za nyumba aliyoachiwa na mama yake.

"Ngapi?" anauliza.

Verla anainama kuisoma namba, ingawa tayari anaijua. "Mia tisa tisini na nne."

"Zimepungua sita." Orrin anajaribu kucheka. "Nikiuziba huu mlango, nikatoboa wa nyuma?"

"Nimeliwaza hilo tangu kwenye nyanya za watu. Wanahesabu mlango uliopo leo, Orrin."

Ana siku thelathini za kuhama. Mahali pekee panaporuhusiwa mjini ni nyuma ya machinjio, ambako wanaume kumi na mmoja wa daftari wamebanana kwenye matrela manne.

"Usimwandike kama malaika," Verla anamwonya mwandishi wakiwa njiani kurudi kiwanjani. "Alichofanya kilikuwa kibaya. Alifungwa miaka sita, na anajua kwa nini."

Kosa lenyewe lina miaka ishirini na minne. Aliyetendewa ni mwanamke mtu mzima, ambaye walikuwa wakifanya kazi pamoja.

"Yule dada aliwahi kuja ofisini kwangu," anasema Verla. "Hakuuliza habari za watoto wala bembea. Aliuliza, Orrin hununua chakula siku gani? Daftari zima halina jibu hilo. Nikamfuata Orrin mwenyewe. Tangu hapo yeye huenda dukani Jumanne tu, na dada huenda siku nyingine yoyote anayotaka. Mwaka wa kumi na nne huu, hawajakutana hata mara moja."

Kalamu ya mwandishi ilisimama. Verla hulipwa dola kumi na saba kwa saa, na hakuna kifungu cha sheria kilichomtuma kufanya hivyo.

"Sisemi daftari lichomwe," anaendelea. "Wapo watu ningewapima hata mara tatu. Lakini kesi mpya zinazofika mezani kwangu, karibu zote ni mjomba, kocha, rafiki wa familia. Mtu asiyekuwamo daftarini. Hili gurudumu halijawahi kumzuia hata mmoja wao."

Jumatatu atasimama mbele ya madiwani, kwa mara ya kwanza maishani, kuomba kila mtu apimwe kwa hatari aliyonayo, si kwa umbali wa mlango wake. "Wanipe kazi ya kujua watu. Nyasi nimezipima vya kutosha."

Kiwanjani, anakigeuza kiti cha bembea. Chini yake kuna maandishi yaliyochomwa kwa chuma: BWENI LA KASKAZINI. Kisha anavitazama viatu vya mwandishi. Cha kushoto kina tone la rangi ya kijani.

"Kijana," anasema taratibu, "unalala bweni gani?"

Mwandishi alikuwa amejiandaa kuuliza maswali, si kujibu. Anakiri. Bembea, iliyotengenezwa na bweni lake, ilikuwa kwenye bustani ya mwalimu mkuu; yeye na wenzake waliihamisha usiku, na shabaha ilikuwa kumwona mwalimu akiitafuta. Kibao kilikuwa utani. Hakuna aliyefikiri kwamba mbele ya bembea kuna milango ya watu.

"Niing'oe sasa hivi?"

"Ukiing'oa kimyakimya, watasema nimempendelea Orrin. Utakuja Jumatatu, useme kwa mdomo wako."

"Nitafukuzwa shule, Bi Verla."

"Huenda." Ananikabidhi mpini. "Orrin bado yuko kwenye ngazi. Anza naye."

Basi mwandishi wa makala haya apumzike. Ni mimi, Thaddeus Brill, wa kidato cha tatu. Nilisukuma gurudumu kuelekea mlango ule, na hesabu ikanipotea kabla sijafika kwenye nyanya.