Nani Atamwaga Maji ya Mama

Gunatilaka, mchoma vigae wa mji wa pwani wa Marawila, alikuwa marehemu mara mbili, na bado kila asubuhi alikwenda tanurini. Mara ya kwanza alikufa siku alipobatizwa ili amwoe Filomina, miaka ishirini na sita iliyopita. Padri alimwambia kwamba utu wake wa kale umezikwa majini, akatoka pale akiitwa Marselino. Mara ya pili alikufa jioni hiyohiyo, dada yake Kusuma, aliyebaki na dini ya Kibudha ya wazazi wao, alipotangaza mbele ya majirani kwamba yeye hana kaka. Wenzake kazini walimtania kwamba mwenye vifo viwili anastahili angalau kupewa mapumziko marefu.

Alicheka nao, lakini lile la Kusuma lilimkaa rohoni. Kusuma hakuwa mtu wa kusema jambo kisha akalisahau; tangu siku ile hakumtumia hata salamu. Mama yao tu ndiye aliyepanda basi kila mwaka mpya wa jadi wa Aprili, akashuka Marawila na vitumbua vyake vya sukari guru, akala samaki wa Filomina, akalalamikia chumvi, akarudi kwake bara.

Sasa mama alikuwa amekufa. Mazikoni Marselino alisimama langoni na wageni. Kisha jirani mmoja akaja na ujumbe wa Kusuma: sadaka ya siku ya saba ni Jumamosi, watawa wa hekalu watakula kabla ya adhuhuri. Basi, hakuna la zaidi. Na desturi anaijua kila mtu. Watawa wakishakula, mtoto wa kwanza, naye ndiye, hushika birika, akamwaga maji kikombeni mpaka yafurike, na thawabu ya sadaka ikamfikia marehemu.

Hapo ndipo usingizi ulipompotea. Je, akishika birika mtu aliyekwisha kufa, thawabu itamfikia mama? Na asiposhika, mama ataondoka mikono mitupu? Alimwendea padri, akitarajia kukatazwa, na labda akitamani kukatazwa. Padri alimwambia asisujudie chochote, ila amri ya nne, ya kuwaheshimu baba na mama, haikuchagua mama wa dini gani. Nenda, alisema, na umchukue mkeo.

Wakaenda. Kusuma aliwapokea kwa kuwaonyesha mkeka, kisha akarudi jikoni. Watawa wakala. Marselino, ambaye jasho lilikuwa limelowesha shati lake jeupe lote, akashindwa kuvumilia. Alipiga magoti karibu na mtawa mkuu, mzee mwembamba aliyekuwa akinawa vidole, akamweleza yote kwa sauti ya chini.

"Mheshimiwa, kanisani wananiambia Guna alikufa. Hapa nyumbani nao wanasema alikufa. Sasa maji haya atayamwaga nani?"

Mzee akafuta vidole polepole.

"Sisi tunafundisha kwamba Guna wa kudumu hajawahi kuwepo hata siku moja," akasema. "Yule mtoto aliyeniibia mapera hekaluni si huyu mwenye mvi. Sasa kama hakuwepo, mwanangu, hao wenzako walimzika nani?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Hata mimi sijui. Padri wako na mimi tungebishana juu yako mpaka mvua za mwezi wa kumi. Lakini mama yako alikuwa na mikono ya kukubeba, na wewe unayo ya kumwagia. Shika birika."

Watawa wakaanza kusoma. Birika likawekwa mbele yake, na kikombe ndani ya sahani. Marselino akayatazama yale maji, na mkono wake wa kulia, kwa mazoea ya miaka ishirini na sita ya kuchovya vidole mlangoni pa kanisa, ukapanda wenyewe mpaka kwenye paji la uso kufanya ishara ya msalaba. Ukashuka kifuani. Nyumba nzima ikaona. Shangazi mmoja akakohoa. Marselino alitamani sakafu impasukie.

Mkono mwingine ukamdaka kifundo kabla wake haujafika begani. Ulikuwa wa Kusuma, unanuka vitunguu. Akaushusha ule mkono mpaka kwenye birika, akaubana pale pamoja na wake. "Mwaga, kaka," akamwambia. Filomina akamgusa mumewe kiwiko, shangazi akamgusa Filomina bega, na maji yakaanza kuteremka. Yakajaa, yakafurika, yakalowesha sahani. Marselino alilia waziwazi, na kifua chake kikawa chepesi kuliko kilivyokuwa tangu ujana.

Baadaye watawa walipokwisha kuondoka, Kusuma alikuwa akipanga sahani, amempa Marselino mgongo.

"Sadaka ya miezi mitatu ni zamu yako," akasema. "Usitume mtu. Uje mwenyewe."

"Mwenyewe yupi?" Marselino akauliza, nusu kwa utani.

Kusuma akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Yeyote atakayefika," akasema. "Mradi aje na samaki."